Usiku wa Ijumaa ni usiku upi?

Mama yangu aliwahi kupoteza shamba zima la kabichi kwa sababu ya neno moja la Kiswahili. Neno lenyewe si gumu, hata mtoto wa chekechea analijua. Ni Ijumaa.

Wakati huo nilikuwa shule ya msingi na simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu Mathira. Mama alilima kabichi na karoti, na akanunua pia za majirani, kisha akaziuza kwa wateja waliotoka mbali. Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa akiuza mboga katika soko la Kongowea. Walikuwa wamefanya kazi pamoja misimu mitatu bila kukosana. Yeye alimwita mama "dadangu", naye mama akimwita "mzee" kwa heshima tu, maana umri wao ulikaribiana. Mipango yao yote waliifanya kwa simu ya kibanda pale Karatina mjini, mama ameshika sarafu zake tayari asije akakatiwa katikati ya maneno.

"Dadangu, gari litakuwa hapo sokoni usiku wa Ijumaa."

"Sawa mzee. Utapata mzigo uko tayari."

Ndivyo walivyoagana. Alhamisi usiku lori likafika Karatina. Dereva akaegesha kando ya soko, akasubiri mpaka kukapambazuka, hakumwona mtu. Asubuhi akaokota mzigo kidogo kwa bei ya juu, akarudi Mombasa na gari nusu tupu. Sisi huku nyumbani hatukuwa na habari. Ijumaa kutwa tulikata kabichi, tukazibeba hadi sokoni, na usiku huo mimi na kaka yangu tukalala juu ya magunia chini ya karatasi ya nailoni tukingoja lori ambalo lilikuwa limekuja na kwenda. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, na kila mtu alikuwa na kabichi. Bei ikaanguka. Zilizobaki tuliwapa ng'ombe.

Jumatatu wakapigiana simu. Mama alisema maneno ambayo huku kwetu husemwa kirahisi sana, kwamba Mswahili ana mdomo mtamu lakini hana neno. Yule bwana naye akasema yale ambayo huko Pwani husemwa juu yetu, kwamba Mkikuyu akiongezewa shilingi moja na mtu mwingine, ahadi yenu imekwisha. Kila mmoja aliamini amedanganywa, na kila mmoja alikuwa na hasara ya kuonyesha.

Aliyewapatanisha alikuwa fundi wa kushona nguo pale mjini, mzee Mwislamu. Mama alimwamini kwa sababu alikuwa Mkikuyu mzaliwa wa Nyeri, na Kikuyu chake kilikuwa kizito kuliko chetu. Yule wa Mombasa alimwamini kwa sababu kila alipokuja Karatina walisali pamoja. Alipopanda kuja kudai gharama za lori, wakaenda wote wawili kwa fundi, nami nikawafuata nyuma. Mzee hakusikiliza hadithi ndefu. Aliuliza swali moja tu: "Mlisema usiku wa Ijumaa. Usiku wa Ijumaa ni upi?"

Wakajibu kwa pamoja. Mama alisema, "Ijumaa usiku." Yule bwana akasema, "Alhamisi jua likishatua."

Fundi akacheka mpaka akaivua miwani. Hakuna aliyekuwa amedanganya.

Nimekuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka mingi sasa, na kesi ile ya kabichi imenifunza zaidi ya vitabu vingi vya isimu. Sisi watu wa mlimani tumezoea kukiona Kiswahili kuwa ni chombo kitupu, kama debe: unachota, unamimina, unampa mwenzako. Kumbe debe hilo lilikuja huku likiwa na kitu ndani. Maneno tunayopimia siku zetu, madeni yetu na uaminifu wetu yalipikwa kwa karne nyingi katika jamii iliyoishi kwa Kurani na mafundisho yake. Tulipoyapokea, tulipokea na sehemu ya mpangilio huo wa maisha, hata sisi tusioingia msikitini. Lakini kuna vipande ambavyo hatukuvipokea, na hapo ndipo kabichi huozea.

Tuanze na usiku wenyewe. Katika kalenda ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, si saa sita za usiku. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani hutafutwa angani jioni, na ukionekana, swala ya tarawehe huswaliwa usiku huohuo kwa sababu Ramadhani imekwisha kuingia. Kwa hesabu hiyo usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani ule ambao sisi wengine tunauita Alhamisi usiku. Kwa Waislamu wengi ni usiku wa dua na visomo, na haiwezi kuwapitia akilini kwamba mtu atauita kwa jina la siku iliyopita.

Na kama unadhani hiyo ni hesabu ya kigeni, fungua Biblia yako. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo jioni hutajwa kabla ya asubuhi kila siku ya uumbaji inapofungwa, na Wayahudi mpaka leo huianza Sabato yao Ijumaa jioni. Mama yangu, Mpresibiteri wa kindakindaki aliyebatizwa Tumutumu, alikuwa amesoma mistari hiyo mara nyingi bila kuhisi kwamba inamhusu.

Saa za Kiswahili nazo zinakubaliana na mpango huo. Saa moja usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kutua. Tunahesabu mpaka kumi na mbili, halafu tunaanza upya jua linapochomoza. Kwa hivyo mtu wa Karatina anayesema "tukutane saa moja jioni" ameyafuata machweo bila kujua, ila jina la siku halibadilishi hadi saa sita. Amechukua saa za mfumo mmoja na siku za mfumo mwingine. Hata wahariri wa magazeti yetu wanaujua mtego huu. Ndiyo sababu unasoma kwamba wezi walivunja duka "usiku wa kuamkia Jumanne". Huo msamiati wa kuamkia si pambo. Ni daraja lililojengwa kati ya hesabu mbili za siku ili asiwepo msomaji wa kuanguka katikati. Mama na mteja wake hawakuwa na daraja hilo.

Sasa tazama majina ya siku zenyewe. Ijumaa ni Kiarabu, na maana yake ni kukusanyika, kwa sababu ndiyo siku ya swala ya pamoja ya adhuhuri. Siku hiyo ikawa nguzo, na kutokana nayo tukapata hata neno juma, yaani wiki nzima. Baada ya nguzo, Waswahili wakaanza kuhesabu kwa namba zao za Kibantu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Walipofika hapo wakarudi kwenye Kiarabu, wakachukua Alhamisi, ambayo maana yake ni ya tano. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, kwa hivyo siku yao ya tano huangukia pale. Matokeo yake ni kwamba juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana: Jumatano, ya tano ya Waswahili, na Alhamisi, ya tano ya Waarabu. Wanafunzi wangu hucheka sana nikiwaambia hivyo, kisha hunyamaza wanapogundua kwamba wameishi na fumbo hilo tangu utotoni.

Fumbo hilo lilipanda mlima. Kwa miaka mingi siku kubwa za soko la Karatina zimekuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwulize mama mboga kwa Kikuyu, atakwambia Njumaine, Aramithi na Njumamothi. Ijumaa kwetu ni Njumaa. Sauti zimebadilika kwa kanuni zetu: s ikawa th, l ikawa r. Kwa kanuni hizohizo saa ikawa thaa, sabuni ikawa thabuni na karatasi ikawa karatathi. Ni Jumapili pekee ambayo haikupanda; huku inaitwa Kiumia. Siku ya kanisa ilipata jina lake, lakini siku sita zilizobaki bado zimefungwa kwenye nguzo ya msikiti. Mkristo wa Mathira akisema "Njumatatũ", kwa hakika anasema kwamba hiyo ni siku ya tatu tangu Waislamu walipokusanyika kusali.

Majina haya yalifikaje huku? Uislamu una umri mkubwa Pwani. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta misingi ya misikiti inayorudi hadi karne ya 8, na Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta mji wa Waislamu wenye kushika dini. Kutoka Pwani, misafara ya biashara ilipanda bara ikitafuta pembe za ndovu na chakula. Waingereza walipojenga ngome huko Murang'a mwaka 1900, na Nyeri mwaka 1902, walikuja na wapagazi, askari na makarani ambao wengi wao walikuwa Waislamu au walizungumza Kiswahili cha Waislamu. Wakakaa, wakaoa, wakasilimisha. Vijiji vyao vingali na majina ya Kiswahili: Mjini kule Murang'a, Majengo kule Nyeri na Nanyuki. Reli nayo ikapita Karatina katika miaka ya 1920 ikielekea Nanyuki, na pamoja na mabehewa yakaja maduka, hoteli za chai na lugha ya kununulia na kuuzia. Mji ambao wenyeji wengi husimulia kwamba jina lake limetokana na karantini ya mifugo hauwezi kujidai haukuazima maneno.

Mtu ataniambia: Mwalimu, hayo ni majina tu, na jina halimfanyi mtu kuwa muumini. Ni kweli. Sisemi kila neno la Kiarabu katika Kiswahili ni la dini. Sabuni haina dini. Maneno mengi yaliletwa na biashara, ubaharia na utawala, na yangekuja hata kama Waarabu wangekuwa na imani nyingine. Lakini yako maneno ambayo huwezi kueleza kwa nini yamekaa jinsi yalivyokaa bila kutazama maandiko. Nitatoa mifano miwili, yote ya sokoni.

Wa kwanza ni sura ya 62 ya Kurani, inayoitwa kwa jina la Ijumaa. Aya zake za 9 na 10 zinawaagiza waumini wakiitwa kwenye swala ya siku hiyo waharakie kumkumbuka Mungu na waache biashara. Na swala ikiisha, watawanyike katika ardhi watafute fadhila zake. Angalia jambo hilo: Ijumaa si sabato ya kulala nyumbani. Ni kituo katikati ya siku ya kazi, unafunga duka, unasali, unafungua. Ndivyo alivyofanya yule fundi wa Karatina maisha yake yote. Saa saba kasoro cherehani ilinyamaza, na kabla ya saa nane ilikuwa ikilia tena. Na neno la Kiarabu lililotumika katika aya hiyo kwa biashara inayoachwa ni bay', yaani kuuza. Hilo ndilo lililotupa neno bei. Ukisimama sokoni Karatina ukauliza "Bei gani?", umelitamka neno lililomo katika aya inayomtaka mchuuzi asimamishe bei kwa muda.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani haihusu pepo wala moto. Inahusu deni. Ni aya ya 282 ya sura ya pili. Inawaambia watu wakikopeshana kwa muda maalumu waandike. Mwandishi aandike kwa uadilifu, mdaiwa ndiye aseme kinachoandikwa, mashahidi wawepo, na mtu asichoke kuandika liwe deni dogo au kubwa. Aya inayofuata inasema kwamba mkiwa safarini na hamkupata wa kuandika, basi patolewe kitu cha rehani. Na mkiaminiana, aliyeaminiwa arudishe amana ya mwenzake.

Hebu yasikilize maneno ya Kiarabu yaliyomo katika aya hizo mbili: dayn, katib, shahid, haqq, adl, rihan, amana. Kwetu ni deni, katibu, shahidi, haki, uadilifu, rehani, amana. Chama chochote cha akina mama huko Mathira kinachokutana kuchangishana pesa kina katibu, kina daftari la madeni, kina mashahidi wa anayechukua mkopo, na kina mwanachama mmoja aliyeweka televisheni yake rehani. Ondoa maneno hayo na mkutano hauwezi kuendelea hata dakika tano. Sidai kwamba chama kimeanzishwa kwa kufuata Kurani. Nasema kwamba msamiati wa kukopeshana kwa uaminifu ulikuwa umeshaundwa, na watu walioutumia kwa mamia ya miaka walikuwa wakiutamka huku wakijua umo katika kitabu chao.

Katika aya hiyohiyo kuna neno ajal. Maana yake ni muda uliowekwa, siku ya mwisho ya kulipa deni. Kurani inalitumia pia kwa muda wa uhai wa mtu, kwamba kila mmoja ana siku yake na ikifika haisogei mbele wala nyuma. Waswahili wakachukua maana hii ya pili, ajali ikawa siku ya mtu ya kufa, na kwa kuwa kifo kingi cha ghafla tunakiona barabarani, leo ajali ni matatu iliyopinduka kwenye barabara ya Nairobi. Neno lilianza kama tarehe ya kulipa, likawa tarehe ya kuondoka duniani, likaishia kuwa mgongano wa magari. Nikiwaeleza watu hili, wengi hushtuka, kwa sababu tunaposema "ilikuwa ni ajali" tunamaanisha kwamba hakuna aliyepanga. Mzizi wa neno unasema kinyume chake kabisa.

Aya chache kabla ya hizo zinakataza riba, na neno hilo tumelichukua vilevile. Wanafunzi hulisoma katika hesabu, Sacco hulitumia katika fomu za mkopo, bila kuhisi kwamba kwa jirani Mwislamu ni jina la dhambi. Ndiyo maana Kenya ilipopata benki zinazofuata sharia ya Kiislamu mwaka 2008, wateja wengi wasio Waislamu hawakuelewa benki inawezaje kuishi bila riba. Neno lilikuwa lao. Uzito wake haukuwa wao.

Jambo la ajabu ni kwamba maneno haya yalikuwa midomoni karne nyingi kabla Kurani haijachapishwa kwa Kiswahili. Wa kwanza kuichapisha yote hakuwa hata Mwislamu. Alikuwa Godfrey Dale, mmishonari Mwanglikana wa Zanzibar, ambaye tafsiri yake ilitoka mwaka 1923 ikiwa na maelezo ya kuwapa Wakristo hoja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, alianza ya kwake lakini hakuimaliza. Mwaka 1953 Waahmadiya walitoa ya kwao Nairobi, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi akisaidiwa na watu kama mshairi Kaluta Amri Abedi. Kisha mwaka 1969, Nairobi vilevile, ikatoka nzima ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mzanzibari aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ndiyo iliyoenea zaidi majumbani mwa Wasunni. Waliotafsiri hawakukubaliana katika mengi, tena walipingana kwa ukali. Lakini wote walikuta lugha iliyokwisha kupangwa samani. Hakuna aliyehitaji kubuni neno la shahidi au la amana.

Wakristo nao walikaa kwenye viti hivyohivyo. Ludwig Krapf, ambaye mwaka 1849 alikuwa Mzungu wa kwanza kuripoti kwamba ameuona mlima wetu, alikuwa ameanza miaka mitano kabla ya hapo kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa, na aliyemsaidia katika lugha alikuwa kadhi wa mji huo. Kuanzia hapo imani, sala, dhambi, toba, sadaka, nabii, Injili na Zaburi zikawa za kanisa pia. Mengine yakapanda hadi kwenye Kikuyu cha misheni. Kitabu cha Zaburi kwetu ni Thaburi. Nabii ni mũnabii. Na malaika ametupa somo zuri la sarufi: kwa Kiarabu malaika ni wingi tayari, Waswahili wakalitumia kwa mmoja na kwa wengi, Wakikuyu wakadhani ma- ni kiambishi, wakakikata. Leo malaika mmoja kwetu ni mũraika, na wengi ni araika. Waahmadiya walipochapisha Kurani kwa Kikuyu katika miaka ya 1980, baadhi ya maneno yake yalikuwa yakirudi nyumbani baada ya kuzunguka kanisani.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu mbili, na ya kwanza ni ya darasani. Mwaka jana mzazi mmoja alinijia akilalamika kwamba insha ya mwanawe ina "maneno ya Kiislamu". Alikuwa ameyapigia mstari: halali, dua, inshallah. Nilimwomba asome barua yake ya malalamiko kwa sauti. Ndani yake kulikuwa na haki, wajibu, tabia, heshima, maadili na sahihi. Nikamwambia kwa upole kwamba tukianza kufukuza, atabaki na karatasi tupu, na karatasi yenyewe ni ya Kiarabu. Mtoto wake huyohuyo, akiwa na wenzake kituoni, husema "wallai" kila sentensi ya pili, kama vijana wote wa Kenya siku hizi. Huko ni kuapa kwa jina la Mungu, kiapo ambacho Mwislamu mcha Mungu hakitoi ovyo. Ningependelea mtoto ajue uzito wa "wallai" kuliko akatazwe kuandika dua.

Sababu ya pili inanigusa zaidi. Yule fundi aliniambia, nikiwa kijana mkubwa, kwamba jambo lililomchosha maishani halikuwa kazi bali swali moja: "Mzee, wewe ulitoka Pwani lini?" Aliulizwa na watu aliowazidi umri, mjini alikokuwa ameishi kabla wao hawajazaliwa, kwa sababu tu ya kofia na jina lake. Baba yake alizaliwa Nyeri. Mama yake alikuwa wa Mathira hapahapa. "Wanasema mimi ni mgeni," aliniambia kwa Kikuyu, "na wananiambia hivyo siku ya Aramithi." Alicheka, lakini si sana.

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi. Leo Nyeri ina Mahakama ya Kadhi, misikiti ipo katika miji yetu yote, na Waislamu wa mlimani ni wajukuu na vitukuu wa watu wa hapa. Bado tunawahesabu kama abiria wanaongoja basi la kurudi Mombasa. Wakati huohuo hesabu yenyewe ya siku tunaifanya kwa kalenda yao. Kama kuna mgeni hapa, basi mgeni huyo ndiye aliyetupa majina ya siku zetu za soko.

Kesi ya kabichi iliishaje? Kwa sulhu, neno jingine la Kurani, ambapo husemwa kwamba suluhu ni bora. Fundi aliamua kila mmoja abebe hasara yake, kwa kuwa kila mmoja alitimiza neno lake kama alivyolielewa. Mama hakufurahi, na yule bwana alinung'unika juu ya mafuta ya lori. Kisha mzee akachukua daftari la vipimo vya nguo, akararua ukurasa, akawaambia kuanzia siku hiyo waandike: tarehe, kiasi, bei, na usiku wa kuamkia lini. Hakutaja aya yoyote. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa akifuata moja.

Walifanya biashara miaka mingine kumi na moja. Daftari la mama ninalo mpaka sasa. Kila ukurasa, juu kabisa, kabla ya idadi ya magunia, ameandika kwa hati yake ya darasa la nne: usiku wa kuamkia Ijumaa.